Mbeleko ya Manjano

Bafta mpya ikilowa kwenye maji ya manjano hutoa harufu ambayo siwezi kuifananisha na kitu kingine. Si harufu ya mchuzi, ingawa manjano ni yale yale. Ni harufu ya mabaki ya wanga wa dukani yakiachana na kitambaa, ya udongo kidogo, ya jiko ambalo halijapika kitu. Jumamosi iliyopita niliisikia tena hapa Kibiti, nyuma ya chumba ninachopanga, watoto wa majirani ninaowafundisha kutia rangi wakiwa wamelizunguka beseni langu, mikono imezama hadi viwikoni. Mmoja wao, binti mwenye tabia ya kuuliza bila kumtazama mtu usoni, alisema, "Dada, nikiharibu itakuwaje?"

Nilitaka kumjibu kwamba hakuna kuharibu. Ndivyo watu wazima tunavyosema. Lakini nilimtazama alivyoshika pembe ya kitambaa chake kwa ncha za vidole viwili, kama kitu cha kuazima, nikajua jibu hilo halitamfaa. Mimi mwenyewe halijawahi kunifaa. Mimi ni mtu ninayerudi mlangoni kuhakikisha nimefunga, nikafika njiani nikarudi tena. Uzi wangu ukitoka na baka dogo ambalo hakuna mwingine anayeliona, silali vizuri. Kazi hii ya kutia rangi sikuisomea popote. Nimejifunza kwa kuunguza, kumwaga na kuanza upya, na mtu aliyejifunza hivyo hana cheti cha kumtuliza moyo anapoingiwa na wasiwasi. Kwa hiyo nikamwambia, "Ukiharibu, tutakaa tuangalie kimeharibika vipi." Kisha nikaikumbuka mbeleko ya mdogo wangu.

Nilikulia Maparoni, katika nyumba yenye mlango wa mbele kwa ajili ya wageni na uwa kwa ajili ya maisha. Uwa huo tuliuchangia na Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyepaza hata akiwa amekasirika, jambo lililomfanya aogopwe kuliko wanaopiga kelele. Alikuwa msukaji wa mikeka. Ukindu wake ulikaa kwenye kamba ukikauka, umechanwa sawasawa, na baada ya kukauka ulitiwa rangi.

Siku ya kutia rangi ilikuwa kama siku ya shughuli. Debe lilipandishwa mafigani tangu asubuhi, kuni za mkoko zikakokwa, na maji yalipotokota Shangazi alimwaga rangi ya unga kutoka dukani: zambarau, kijani, au ile nyekundu kali inayobaki kwenye kucha hadi zikue. Mvuke ulipanda ukiwa na ukakasi, ukachanganyika na moshi, ukajaa uwa mzima. Zuhura, binti yake, aliyenizidi umri kidogo tu, alipewa kijiti kirefu akageuza ukindu ndani ya debe, uso wake ukiwa na ile fahari ya mtu aliyekabidhiwa usukani.

Mimi sikuruhusiwa.

"Siti asikanyage uwani leo," Shangazi alikuwa akisema kila mara, bila kunitazama, kana kwamba anasema juu ya kuku. "Mpelekeni kwa Bi Mwajuma akashinde huko."

Bi Mwajuma alikuwa jirani yetu wa pili, mkarimu, mwenye maneno mengi. Alinipa miwa na kunisimulia habari za watu nisiowajua. Lakini akili yangu yote ilikuwa uwani kwetu. Kwa nini Zuhura na si mimi? Kwa nini watoto wa wapita njia waliweza kusimama wakatazama, nami nifukuzwe kwangu?

Hakuna aliyenieleza, basi nikajieleza mwenyewe. Kwetu watu hujulikana kwa mikono yao. Kuna mtu akiatamisha kuku, mayai yote yanaanguliwa. Huyo huitwa na majirani aje awawekee na wao. Kuna mtu akipanda mche wa pilipili, unashika. Na kuna mtu ambaye mkono wake haupokelewi; hakuna anayemtukana, ila haitwi. Mimi niliwahi kuatamisha kuku wa mama, na mayai mengi yakawa viza. Zuhura alicheka siku ile akasema, "Una mkono mbaya, bibie. Ndo maana mama hakutaki kwenye debe."

Alikuwa ananitania, sisi ni mabinamu, utani ndio mazungumzo yetu. Lakini mtoto mwenye wasiwasi hapokei utani, anauweka. Nikaanza kukusanya ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Bakuli lililonitoka. Mchicha niliopanda ukaliwa na wadudu. Na ushahidi mkubwa kuliko wote: mara chache nilizofaulu kujiiba nikachungulia debe kwa karibu, kifua kilinibana baadaye, nikakohoa na kupumua kwa mlio kama mlango usiotiwa mafuta. Niliamini ni rangi yenyewe inayonikataa. Niliamini inanitambua.

Sikumwambia mtu. Nilianza kula kwa uangalifu, kubeba maji kwa uangalifu, kupiga pasi ya mkaa juu ya nguo ile ile mpaka mama aniulize kama nataka kuitoboa. Nikifikiri sasa, naona tabia yangu ya kutaka kila kitu kitoke sawa haikuzaliwa nami. Ilianza pale, kama mtu anayetafuta shahidi wa kumtetea.

Kisha mama akamzaa Nassoro.

Kwetu mama aliyejifungua hukaa ndani mpaka arobaini. Siku hiyo huogeshwa, hufukizwa udi, huvaa vizuri, na mtoto hutolewa nje kwa mara ya kwanza mbele za watu. Anayemtoa ni shangazi. Humfunga mgongoni kwa mbeleko mpya, hutoka naye kwa mlango wa mbele, huizunguka nyumba, na wanawake waliokuja hupiga vigelegele na kumtazama mtoto. Nasema humtazama mtoto, lakini ukweli ni kwamba mtoto wakati huo ni kichwa tu kinachochungulia. Kinachotazamwa ni mbeleko.

Mashangazi wengi hununua kanga. Shangazi Mwanaidi alirudi kutoka dukani na kipande cha bafta nyeupe, akakitandaza juu ya mkeka, akaniita.

"Siti, njoo hapa. Unakionaje hiki?"

"Cheupe," nikasema.

"Hakitabaki cheupe. Wewe ndiye utakayekitia rangi, tumbebee mdogo wako."

Zuhura aliyekuwa akipeta mchele aliacha ungo. "Mama, na akikiharibu?"

"Akikiharibu, mdogo wake atabebwa na kilichoharibika. Wewe unaye mdogo wako unayemhofia?"

Zuhura hakuwa na mdogo. Alirudi kwenye mchele wake.

Nilitakiwa kufurahi. Badala yake niliogopa. Nilielewa jambo lile kwa namna moja tu: nimewekwa kwenye mtihani. Shangazi amechoka kubahatisha, sasa anataka kujua mara moja, mbele ya watu wote, kama mkono wangu unafaa. Na kama haufai, ubaya wake hautaishia kwenye kitambaa. Utamgusa Nassoro, maana ndiye atakayefungwa ndani yake. Niliuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Rangi ya debe?"

"Rangi ya debe haimkaribii mtoto," Shangazi akasema. "Mtoto wa umri ule kila kitu kwake titi. Atanyonya pindo, atanyonya fundo, wanawake wa watu waje kumwona nimewatolea mtoto mwenye mdomo wa zambarau. Hapana. Beseni letu halitiwi kitu ambacho siwezi kukitia mchuzini."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na ndiyo sheria ninayoitumia na watoto wangu wa Jumamosi mpaka leo. Manjano yaliingia. Maganda ya vitunguu yaliingia. Zuhura alitumwa kuyakusanya kwa mama ntilie wa bandarini, akapewa mafungu ya uzi wa pamba ayatie rangi, ndiyo yatakayoshonea pindo. Kazi ya maji ya moto alibaki nayo Shangazi peke yake. Alichemsha, akamimina, akafunika, nasi tukakaa mbali mpaka aingize kidole chake na kusema, "Haya, sasa ni maji ya kuogea mtoto. Ingieni."

Kwanza alinifundisha kuifua bafta. Niliifua kwa sabuni ya mche mpaka wanga ukatoka, kisha nikaisuuza, nikaisuuza tena. "Endelea," alikuwa akisema. "Maji yatoke kama yalivyoingia." Nilidhani ni ukali wake tu. Manjano aliyafunga ndani ya kitambaa chepesi kama pakacha dogo, chembe zisije zikaganda mahali pamoja zikaacha madoa. Kisha nikazamisha bafta yote kwa mpigo mmoja, nikaanza kuigeuza.

Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajawahi. Nyeupe haiondoki polepole. Inaondoka mara moja, halafu unabaki unashangaa ilikuwa wapi. Mikono yangu ilikuwa manjano hadi viwikoni. Nilikuwa nageuza, nakunjua, naminya, nahesabu moyoni ili kila upande ukae sawa na mwenzake.

Mama alikuwa akituchungulia kupitia dirisha la chumba chake, Nassoro begani. "Wifi," akamwita Shangazi, "huyo binti yangu utamrudisha na rangi yake, au ndo nimtafutie mume wa Kihindi?"

"Wifi, kaa ndani unyonyeshe," Shangazi akajibu. "Biashara ya huku nje haikuhusu mpaka utoke."

Zuhura alitoa uzi wake kwenye bakuli. Ulikuwa wa rangi ya chai bila maziwa, wa kupendeza kweli. Aliutundika sikioni kama hereni, akatembea nao uwa mzima akiringa.

Bafta tuliianika kivulini, chini ya paa la jiko, kwa sababu jua kali hula manjano. Jioni nilipoikunjua niliitafuta kasoro kama mtu anayetafuta sindano. Sikuiona. Ilikuwa manjano tupu, sawasawa, pembe hadi pembe. Nilimtazama Shangazi. Aliipapasa, akaikunja, akasema, "Iweke ndani." Usiku ule nikawa na usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Siku moja kabla ya arobaini, uwa ulijaa wanawake wa kusaidia kazi. Mchele ulichaguliwa, nazi zilikunwa, samaki walikuwa wameletwa kwenye tenga. Mimi nilikwenda kuitazama mbeleko, kwa sababu nilikuwa nikienda kuitazama kila nilipopata nafasi. Nikaona alama ya kidole. Doa la masizi, si kubwa kuliko punje ya mahindi, karibu na katikati. Huenda lilikuwa la mtu aliyeisogeza. Huenda lilikuwa langu.

Mtu mwingine angelikung'uta. Mimi nilichukua kipande cha sabuni ya mche na kata ya maji, nikajificha nyuma ya choo, nikalisugua.

Lile doa liligeuka jekundu.

Si jekundu la kupendeza. Jekundu la damu, la damu iliyoanza kukauka, na kadiri nilivyosugua ndivyo lilivyopanuka, mpaka likawa kama kiganja. Vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa na manjano kwenye mikunjo, navyo vikageuka vyekundu. Nilivitazama, na kila kitu nilichokuwa nimekiamini juu yangu kikathibitika kwa wakati mmoja. Kitambaa kilichotoka manjano Shangazi akiwa amenisimamia kimeguswa na mkono wangu peke yake, kikatoka damu. Na kesho ndani ya damu ile atafungwa mtoto.

Nilikunja mbeleko, nikaificha ndani ya kanga yangu, nikasimama pale nisijue pa kwenda.

"Siti." Ilikuwa sauti ya Zuhura. "Wee Siti, samaki watajitia ndimu wenyewe?"

Nikaenda. Sikuwa na namna. Nilikaa chini, mbeleko imefungwa kiunoni chini ya kanga, nikaanza kukata ndimu na kuwakamulia samaki na kuwasugua chumvi. Machozi yalikuwa yakinitoka, lakini karibu yangu kulikuwa na mtu anakata vitunguu, hakuna aliyeshangaa. Nikakamua ndimu ya pili, au ya tatu, maji yakanichuruzika vidoleni. Nikavitazama vidole vyangu.

Vilikuwa manjano.

Mkono wa kulia, uliokuwa ukikamua, wote manjano. Wa kushoto, ulioshika samaki, ulikuwa bado na wekundu kwenye kiganja. Nikachukua kipande cha ndimu, nikakipaka kiganjani, na wekundu ukaondoka mbele ya macho yangu, kama mtu aliyeitwa ndani.

Sikupiga kelele. Niliweka ndimu mbili ndani ya kanga, nikamwambia Zuhura nakwenda haja, nikarudi nyuma ya choo. Nilikamua juu ya lile doa. Manjano ilirudi. Nilikaa chini kwenye mchanga, nikaitazama.

Sasa, mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Lakini pale nilipofua na kukamua ndimu palikuwa pamepauka kuliko sehemu nyingine, na kuna duara hafifu lililobaki pembeni. Nilijua kesho macho yangu hayataona kitu kingine. Na chini ya ile hofu, ambayo ilikuwa bado inatetema, kulikuwa na kitu kipya kinachoniwasha: nilitaka kuuona wekundu ule tena. Nilitaka uje pale ninapousema mimi.

Sabuni nisingeweza kuitumia. Sabuni hatuitii mchuzini, na Nassoro angeinyonya. Nikajiuliza ni kitu gani cha jikoni kinachouma ulimi kama sabuni. Siku moja niliwahi kukilamba kwa makosa wakati mama anapika maharage makavu yasiyotaka kuiva, nikatema mpaka mate yakakauka. Magadi.

Nilichukua kipande kidogo jikoni, nikakiyeyusha kwenye kikombe. Nilichukua mswaki wa mti, mpya, nikatafuna ncha yake mpaka ikawa laini kama brashi. Nikatandaza mbeleko juu ya gunia kule kule nyuma ya choo, nikachovya mswaki, nikaweka nukta moja juu ya lile duara lililopauka. Ikawa nyekundu. Nikaweka nyingine kando yake, na nyingine, nikalizunguka duara lote mpaka likawa ua. Nilipokosea, nilikamua tone la ndimu, kosa likafutika. Sijui kama mnaelewa hilo lilikuwa nini kwangu. Mtoto aliyekuwa akiogopa kushika bakuli alikuwa amepata kalamu yenye kifutio chake.

Ua moja katikati lilionekana kama ajali. Basi nikaanza kuyaweka mengine, kila moja mbali kiasi na mwenzake, nikishuka kuelekea pindo. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Nilisahau samaki. Nilisahau uwa una watu.

Kivuli kilipoangukia gunia nilijua ni cha nani kwa urefu wake.

Shangazi aliangalia mbeleko. Aliangalia kikombe, akakinusa. Aliangalia ndimu zilizokamuliwa. Kisha akachovya ncha ya kidole kwenye magadi, akailamba, akakunja uso.

"Magadi," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Kila mwanamke aliyefua kanzu ya mumewe baada ya mchuzi anajua sabuni inageuza manjano kuwa nyekundu. Hilo halinishangazi, ndiyo maana nilikwambia usuuze mpaka maji yatoke safi." Alichuchumaa. "Lakini kuandika nayo, hilo sijaliona. Nani kakwonesha?"

"Hakuna." Kisha ikanitoka yote kwa pamoja, masizi, sabuni, damu, samaki, na katikati ya hayo yote likatoka na lile ambalo sikuwa nimepanga: "Nilidhani ni mkono wangu. Nilidhani sasa ndo imethibitika kwamba mkono wangu mbaya."

"Mkono gani mbaya?"

Nikaificha mikono ndani ya kanga. Zuhura alikuwa amenifuata kwa ajili ya samaki niliowaacha, kisu mkononi. Akasema taratibu, "Mie nilikuwa namtania tu."

Shangazi alimtazama, akanigeukia. "Kwa hiyo unadhani ndo maana nakutoa uwani?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaketi kabisa kwenye mchanga, yeye ambaye sikuwahi kumwona ameketi bila mkeka. "Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Ulikaa ubavuni kwangu natia rangi siku nzima, nami nafurahi nina msaidizi. Ulipobanwa kifua, midomo ilikuwa kama zambarau niliyoitia kwenye debe. Baba yako alikupakia mtumbwini akapiga kasia mpaka zahanati, mie nimekupakata, nakwambia vuta, mwanangu, vuta. Siku ile niliapa hutanusa tena moshi wa debe langu." Alinyoosha mkono akachukua ganda la ndimu, akaligeuza. "Mie nasuka ukindu, Siti. Unadhani mie nina haja gani na maganda ya vitunguu? Unadhani nimeanza kujaribu manjano kwenye matambara kwa ajili ya nani? Ulikuwa ukinitazama kupitia matundu ya uwa wa Bi Mwajuma kama mfungwa. Nikasema, lazima ipo rangi isiyo na moshi mtoto huyu anayoweza kuigusa."

Kuna maneno ambayo mtu huyasikia, halafu huchukua miaka kuyapokea. Siku ile niliyapokea kidogo tu, kiasi cha mtoto. Kilichonishika zaidi ni kwamba hapakuwahi kuwa na mtihani. Beseni lile lilikuwa langu tangu mwanzo.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

Akalitupa ganda la ndimu. "Niliona nikikwambia utaogopa kupumua. Unaogopa kila kitu."

Zuhura akacheka, mimi nikacheka, na Shangazi akasimama akijipangusa mchanga. "Haya. Maua yashuke kwenye pindo la chini, yasipande juu kwenye pindo atakalonyonya. Zuhura, wee kamalizie samaki. Na uzi wako utashonea leo leo, usiuvae masikioni."

"Na hili hapa?" nikamwonesha ua moja lililokaa upande.

"Lina nini?"

"Limekaa upande."

"Basi lifute, fundi. Ndimu si unazo? Ila usikeshe hapo, kesho tuna watu."

Nililifuta. Nikaliandika upya. Sioni aibu kusema nililifuta tena.

Arobaini ya Nassoro ilikuwa Ijumaa. Wanawake walikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, udi ukipita kutoka chumbani kwa mama. Mama alitoka kwanza, amenawiri, akitembea kama mtu anayeijaribu ardhi. Kisha mlangoni akasimama Shangazi Mwanaidi, Nassoro mgongoni, na mbeleko imemfunga kutoka begani hadi kiunoni, manjano iliyokoza, maua mekundu yakimiminika kuelekea pindo lililoshonwa kwa uzi wa rangi ya chai. Vigelegele vilianza, halafu nikasikia vikipungua upande mmoja, kwa sababu watu walikuwa wanainama kutazama.

Nilisimama karibu na nguzo. Nililiona ua langu lililokaa upande, lilikuwa limenyooka. Niliona vilevile mengine mawili ambayo sikuyaona jana, lakini yalikuwa yanatembea, yamembeba mdogo wangu, na hakuna ambaye angeweza kuyasimamisha niyafute.

Shangazi alipomaliza kuizunguka nyumba, Bi Mwajuma alimshika pindo akaligeuza, akaliangalia ndani na nje kama anayekagua mkeka. "Mwanaidi, kanga hii ya duka gani?"

"Si ya duka."

"Wee. Nani kakutilia rangi hii?"

Shangazi aliendelea kumbembeleza Nassoro kwa mabega, akageuza uso, akanitazama mimi. Wanawake wengine nao wakageuka. Nilizoea kuongea kwa minong'ono mbele za watu wazima, na nilijua kwamba nikinong'ona, atasubiri. Alikuwa na subira ya msukaji.

"Mimi," nikasema.

"Siti?" Bi Mwajuma akanishika mkono, akakifungua kiganja. Kilikuwa bado na manjano kwenye mikunjo, na wekundu kidogo chini ya kucha. Akakiangalia, kisha akaliangalia pindo. "Na haya maua je? Haya kafanya Mwanaidi."

"Hapana," nikasema, na safari hii hata waliokaa mkeka wa nyuma walisikia. "Na hayo ni mimi."